Mkwe Ndani ya Gunia

Kiongozi wetu wa mlima alitutumia ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp, na nusu yake ilikuwa neno moja tu: jaribuni. Jaribuni viatu, jaribuni makoti, jaribuni kutembea na begi mgongoni, msije mkaanza kufungua vifaa vipya mkiwa kambi ya Horombo. Tulikuwa watu wa ofisi moja, wa Dar watupu, tunataka kuwa kileleni mwa Kilimanjaro tarehe 9 Desemba kama Alexander Nyirenda, aliyepeleka Mwenge na bendera kule juu mwaka 1961. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mwanajeshi, sisi wahasibu.

Viatu nilivijaribu Pugu. Vilikuwa vya mtumba, vya Karume, na muuzaji aliapa havijawahi kuvaliwa. Alisema kweli, na ndiyo ilikuwa balaa yenyewe: soli za namna ile zikikaa stoo miaka mingi zinaoza zenyewe. Ya kushoto ilibaki kwenye tope, mimi nikaendelea na safari. Mazoezi ya ngazi nayo nilifanya ofisini, na kilo kumi za sembe mgongoni, mpaka mlinzi akanihurumia: "Bosi, lifti mbona nzima?"

Kisha vidonge. Daktari aliniuliza kama nina aleji ya salfa, akaniandikia Diamox, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, akasema nivijaribu kwanza nikiwa nyumbani, nijue vinanifanyaje kabla sijafika kambi ya Kibo, mita 4,720. Vidole vilichomachoma, hilo alinionya. Soda kukosa ladha hakuniambia. Nilimgombeza Mangi wa dukani kwamba soda yake imekufa, akanifungulia ya pili, nayo imekufa, ya tatu akainywa mwenyewe huku ananitazama. Halafu mkojo. Mkojo wa Diamox haupigi hodi.

Usiku huo Mama Neema alikuwa zamu hospitali. Saa kumi na kitu, nikitoka chooni kwa mara nyingine, usingizi umeshakata, nikaona nisipoteze muda: nijaribu slipingi begi. Nayo ya mtumba, nene, lebo inasema nyuzi 10 chini ya sifuri, na kofia yenye kamba ya kukaza. Nikavaa nguo za ndani za baridi, soksi mbilimbili na koti la manyoya, nione kama naenea humo na mavazi yote. Nikajilaza kwenye zulia la sebuleni mbele ya feni, nikakaza kamba, nikaingiza mikono ndani, nikapandisha zipu hadi kidevuni.

Nilienea vizuri sana. Nikashusha zipu, ikashuka kidole kimoja, ikang'ata kitambaa, ikagoma. Kuipandisha, imegoma. Nikaivuta kwa hasira, kishikio kikanibaki mkononi. Na umeme nao, kama uliambiwa, ukakatika.

Dar, Novemba, koti la manyoya, feni imesimama. Jasho ningelivumilia. Lakini kidonge nacho kilikuwa kazini.

Nikajiinua kwa kuegemea kochi, nikaruka kuelekea chooni kama mtoto wa shule kwenye mbio za magunia. Nilifika. Mlango umefungwa, mikono iko ndani. Nikajaribu kufungua kitasa kwa kidevu, lakini kitasa chetu ni kile cha kuzungusha. Nikaanguka koridoni, na pale chini nikasikia simu inaita mezani, inakata, inaita tena. Mwisho mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Mama mkwe. Tulimtegemea Jumapili, kwa basi. Yeye kapata lifti kwenye lori la ndizi lililokuwa linashusha Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, akamalizia na bajaji. Neema akaamka, akafungua, akamwamkia bibi yake, akamwongoza na tochi hadi koridoni.

"Bibi, baba yuko humu."

Mama mkwe hupokelewa mzigo mlangoni. Huyu alisimama juu yangu na mkungu wa mshare kichwani, mimi uso tu ndio uko nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefanywa nini, baba Neema?"

"Karibu sana mama. Ni maandalizi ya mlima."

"Mlima gani?"

"Kilimanjaro, mama."

Akautua mkungu. Mama huyu kazaliwa Marangu, na kaka zake ni wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wamebeba mizigo ya wageni hadi Kibo miaka nenda rudi. Akanizunguka taratibu na ile tochi.

"Mlima wetu huo? Siku hizi unapandiwa koridoni?"

"Mama, samahani sana, naomba kisu. Haraka."

"Haraka ya nini?"

"Haja, mama."

"Haja gani?"

"Ndogo, mama. Ila ni kubwa sana."

"Chagua moja, baba Neema."

Akaja na kisu cha kumenyea ndizi. "Tulia, nisije nikamwacha mwanangu mjane." Akachana kuanzia shingoni hadi magotini, pamba ikatapakaa koridoni. Sikungoja afike miguuni.

Nilipotoka, umeme umerudi, mama mkwe yuko kwenye kochi, simu sikioni, anaongea Kichagga kwa kasi huku anafuta machozi kwa kanga. Kichagga sikijui. Ila "gunia" nililisikia vizuri, na upande wa pili kikapigwa kicheko cha watu wengi. Saa kumi na moja alfajiri, wote hao wanafanya nini macho?

Slipingi begi nyingine nilikodi Moshi. Desemba tukafika lango la Marangu, mizigo ikapimwa kwenye mizani, na mgumu mmoja mtu mzima akanyanyua begi langu, akasoma jina, akaniangalia kwa upole.

"Wewe ndiye umeoa kwetu?"

"Ndiyo, shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akawageukia wenzake. "Jamani, Gunia kafika!"

Kutoka pale hadi Horombo, mita 3,720, tulipishana na wagumu wanaoshuka, watu ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu, na kila aliyesimama kunipa mkono aliuliza kama ilikuwa ndogo au kubwa.