Fungu la Hariabhanga: bahari ilikula, au mto?

Maji ya bamvua yakipwa, mlangoni mwa Mto Mwache, huko ndani Port Reitz, Mombasa, huchomoza mafungu ya tope. Mvuvi hayapi jina, huyakwepa tu asikwame. Katika Ghuba ya Bengali fungu kama hilo lilipewa majina mawili na kupelekewa meli za jeshi la majini.

Lilijitokeza baada ya kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970, mlangoni mwa Mto Hariabhanga, mpakani mwa India na Bangladesh. India ililiita New Moore, Bangladesh South Talpatti. Halikuwa na mkaazi, wala halikuinuka zaidi ya mita 2. Hata hivyo, mwaka 1981 India ilisimika bendera yake pale. Kesi yenyewe ilikuwa mkondo mkuu wa mto, ndio uliohesabiwa mpaka: ukipita mashariki ya kisiwa, kisiwa ni cha India, ukipita magharibi, ni cha Bangladesh. Na mkondo wa mto wenye tope haukai mahali pamoja!

Mwaka 2010 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jadavpur, Kolkata, walitangaza kwamba kisiwa hakionekani tena kwenye picha za setilaiti. Ikaenea kwamba bahari imekimeza kwa sababu ya joto la dunia. Wasemao hivyo wana haki yao: bahari pale inapanda kweli, na ardhi ya delta inadidimia. Ila mimi naona habari hiyo imeuacha mto nje. Tope lililoletwa na maji halikosi kuchukuliwa na maji, hata bahari isipopanda.

Sisi hapa tumeuona mkono wa mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo kutoka mashamba ya bara hadi Mwache. Mikoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Udongo ukaifunika, miti ikakauka imesimama, myeupe kama mifupa. Aliyeilaumu bahari kwa hilo alikuwa amelipa kisogo shamba lisilo na matuta.

Ugomvi wa Bengali uliamuliwa na mahakama ya usuluhishi The Hague, Julai 2014. Katika kilomita za mraba 25,602 za bahari zilizogombaniwa, Bangladesh ilipata 19,467. Mahali pa lile fungu palikwenda India, miaka minne baada ya kutangazwa kuwa ni maji matupu.