Mkataba wa maksi NBA: nani kweli anastahili?

Kila mwisho wa mwezi wa sita dirisha la wachezaji huru (waliomaliza mikataba) NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, likifunguka ubishi ni uleule, fulani apewe maksi, yaani mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa, fulani asipewe, na wengi wanaangalia wastani wa pointi basi wamemaliza, ana pointi 24 kwa mechi mpe zote. Mi naona hapo ndo tunakosea. Wazuri wapo kibao, ila ukishampa mtu mmoja theluthi ya hela yako bado unabaki na timu ya kushinda raundi mbili tatu za mtoano? Hilo ndo swali.

Kwa asiyejua mahesabu yenyewe, maksi inategemea miaka uliyocheza kwenye ligi: chini ya miaka 7 ni asilimia 25 ya kikomo cha mishahara (kiwango ambacho ligi inaiwekea kila timu kwa mishahara ya wachezaji wake wote), miaka 7 hadi 9 ni asilimia 30, ukifika 10 ni asilimia 35, na wale wachache waliochaguliwa kwenye vikosi bora vya msimu au kuwa MVP (mchezaji bora wa msimu) wanaweza kuruka ngazi wakapata asilimia kubwa mapema, ndo ile supamaksi. Msimu wa 2025-26 kikomo kilikuwa kama dola milioni 154.6, kwa hiyo mkongwe wa asilimia 35 anaanza na milioni 54 na ushee na kila mwaka inapanda.

Sasa upande wa wanaosema lipa tu, nao wana hoja nzito, tusiwabeze. Kuna haki za Bird, zinaruhusu timu kumsainisha tena mchezaji wake hata kama imeshavuka kikomo, lakini akiondoka bure ile hela huwezi kuichukua ukamlipe mwingine, maana haikuwa nafasi halisi, ilikuwa ruhusa kwa ajili yake yeye. Ndo maana menejimenti inaogopa. Anaondoka staa, unabaki mikono mitupu, na timu yenyewe labda haina mvuto wa kuleta mwingine wa kiwango chake. Hao Washington mwaka 2022 walimpa Bradley Beal miaka 5 dola milioni 251, na juu yake wakamwekea kipengele cha kukataa kuhamishwa, kitu ambacho wachezaji wachache sana wanacho. Nawaelewa kwa nini walilipa. Ila kile kipengele hapana, kwa sababu mwaka uliofuata tu walipotaka kujenga upya yeye ndo alikuwa na funguo za mlango, akaenda Phoenix, wao wakaambulia kidogo mno kwa mchezaji wa daraja lile, na Phoenix nao 2025 wakaishia kumlipa aondoke akajiunga na Clippers.

Kesi ninayoipenda zaidi ni Philadelphia 2019 kwa sababu walikuwa na Jimmy Butler na Tobias Harris kwa pamoja, wote mikataba imeisha. Wakamwacha Butler akaenda Miami kwa miaka 4, kama dola milioni 140, wakampa Harris miaka 5 milioni 180. Kwa makaratasi haikuwa ujinga, tusiwaonee, Harris alikuwa mdogo kwa karibu miaka mitatu, mtulivu, anatupia mitatu vizuri, hana kelele, na Butler alishagombana na watu Chicago na Minnesota. Ila angalia mtoano. Butler fainali ya 2020 mechi ya tatu dhidi ya Lakers aliweka pointi 40, ribaundi 11, asisti 13, mechi ambayo Lakers nzima walijua mpira unaenda kwake na bado hawakumzuia, na 2023 akawapiga Milwaukee pointi 56 kwenye mechi moja wakati Miami wameingia mtoano wakiwa namba 8, wa mwisho upande wao. Harris 2024, mechi ya sita na Knicks, mechi ya kufa na kupona, akamaliza na pointi sifuri. Sifuri! Jamaa ni mchezaji mzuri kabisa, hiyo siifuti, na tatizo halikuwa yeye, tatizo ni kumlipa mtu wa kukamilisha mashambulizi kama mtu wa kuyaanzisha. Ukimpa namba tatu wako, yaani wa tatu kwa ubora kwenye timu, hela ya namba moja, dakika ya mwisho bado hujui mpira unampa nani.

Kwangu mimi kigezo cha kwanza ni hicho. Zimebaki dakika tatu, mabeki wamekusoma wiki nzima, unaweza kutengeneza kitu peke yako au la.

Na wakati mwingine mwenye uwezo huo hata haombi maksi. Jalen Brunson Dallas walikuwa naye, wakazembea kumfunga na mkataba mapema, 2022 akaenda Knicks kwa miaka 4 milioni 104 na watu wakacheka eti wamelipa kupita kiasi mchezaji mfupi aliyechaguliwa raundi ya pili. Miaka miwili baadaye akaongeza kwa milioni 156.5 wakati angesubiri mwaka mmoja tu angeweza kupata 269, ikawarahisishia Knicks kubeba mishahara ya kina Towns na Bridges na Anunoby na 2025 wakafika fainali ya Mashariki, mara ya kwanza tangu 2000. Ila hili nalo lisiwe fimbo ya kuwachapia wengine. Mchezaji mwili wake ndo mtaji wake, akivunjika hakuna atakayemkumbuka, kumdai asamehe milioni mia ili mmiliki bilionea apumue siyo haki.

Umri na majeraha hapo ndo pagumu, kwa sababu mifano inapingana kabisa. Kevin Durant alisaini Brooklyn 2019 miaka 4 milioni 164 kano ya Achilles (ya kisigino) imekatika, msimu mzima hakucheza, akarudi akiwa Durant yuleyule. Paul George akapewa na Philadelphia (haohao tena) miaka 4 milioni 212 akiwa na miaka 34, msimu wa kwanza akacheza mechi 41 na timu ikashinda 24 tu. Na Chandler Parsons 2016, kikomo kimepaa kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mkupuo kwa sababu ya hela za tivii, Memphis wakampa milioni 94 na magoti yake yale, misimu mitatu akacheza mechi 95. Mi naona tofauti ni kwamba Durant anategemea urefu na mkono, vitu ambavyo haviishi haraka. Anayetegemea kasi na kuruka, akifika 31, mwaka wa nne wa mkataba utauma tu.

Halafu kuna mkataba mpya wa ligi na wachezaji wa 2023, ulioleta ule mstari wa pili wa matumizi, eproni ya pili. Ukiuvuka huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kupata mmoja, nafasi za kusajili zinakauka. Boston walichukua ubingwa 2024 na Jaylen Brown na Jayson Tatum, Brown alishasaini supamaksi 2023 na Tatum akasaini yake baada ya ubingwa, wote wanastahili bila ubishi, lakini kiangazi cha 2025, Tatum naye yuko nje na Achilles, ikabidi wawaachie wenzao Holiday na Porzingis kupunguza bili. Yaani hata ukimlipa mtu sahihi bado unalipia.

Kuna mmoja anayenivuruga kidogo, Pascal Siakam. Indiana walimpa 2024 maksi yake, miaka 4 milioni 189.5, na yeye siye wa kutengeneza kila kitu dakika za mwisho, hiyo ni kazi ya Haliburton. Ila 2025 akawa MVP wa fainali ya Mashariki na Indiana wakafika mechi ya saba ya fainali. Kwa hiyo namba mbili naye anaweza kustahili, mradi namba moja tayari yupo ndani, siyo unamlipa huku bado unatafuta.

Kwa hiyo yule wa pointi 24 kwenye timu inayoshinda mechi 30, mi maksi ya miaka mitano simpi. Nampa hela nzuri kwa miaka miwili au mitatu, kama Clippers walivyofanya na James Harden 2024, miaka 2 milioni 70, akacheza mechi 79 na akarudi kwenye vikosi bora vya msimu, na kipengele cha kukataa kuhamishwa hata asikiulizie.