Nimeambiwa Nizifanye Faili Ziongee

Leo asubuhi nimeletewa barua. Inaniamuru nihakikishe kwamba hati zote zilizoko kwenye tovuti ya ofisi, tangu tovuti izaliwe, ziweze kusomwa na watu wasioona, na kazi iwe imekwisha kabla ya Ijumaa. Barua yenyewe ni PDF. Ilipigwa chapa, ikatiwa sahihi, ikagongwa muhuri, kisha ikaskaniwa ikiwa imelala upande, na juu ya aya ya pili kidole gumba cha aliyeskani kimekaa raha mustarehe. Ndani yake hakuna herufi hata moja. Kompyuta inaona picha tu. Asiyeona akiifungua barua hii inayomtetea, programu inayomsomea skrini kwa sauti itamwambia "picha", basi.

Jina la ofisi silitaji. Nina mkopo wa sacco.

Ieleweke kwamba mimi ni mtu mwenye hadhi yangu hapa Kisumu. Nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na meza yenye droo mbili, moja inafunga. Mama mboga wa Kondele huniita "ofisa" hata ninapokopa sukuma wiki. Na sikatai kazi. Katiba ya 2010 naijua: kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo za kumvusha vikwazo vyake. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye neno "zote".

Zote ni ngapi? Hakuna anayejua. Ukifungua folda unakuta folda, ukiifungua hiyo unakuta "FINAL", "FINAL mpya", "FINAL tumia hii" na "scan0047". Kuna tangazo la zabuni lililofungwa 2014, na aliyeshinda zabuni alishajenga, na alichojenga kilishaanguka. Hilo nalo linataka lebo za vichwa na mpangilio wa kusomeka. Nani atalisikiliza? Labda wapelelezi.

Tena PDF ni kiumbe wa kiburi. Kampuni ya Adobe iliileta 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine. Shida ilikuwa sura. Masikio yalisubiri: kiwango cha kimataifa cha PDF inayofikika na wote, kile wanachokiita PDF/UA, kilitoka 2012. Karibu miaka ishirini watu walikuwa wanapendezesha tu. Sasa mimi ndiye wa kupita nyuma yao nikiiambia faili hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali na huu ndio mstari wake wa juu, hii picha maelezo yake ni haya, na lugha ni Kiswahili, tafadhali. Zilizo picha tupu lazima kwanza zigeuzwe maandishi. Programu ya Tesseract ni ya bure na Kiswahili inakijua, lakini haijawahi kukutana na muhuri wetu. Muhuri ukikaa juu ya shilingi 450,000, inakusomea "4S0,OOO" bila hata kuona haya.

Kijana mmoja alitoka Nairobi na viatu vyenye ncha, akasema ana programu ya kumaliza kila kitu kwa kubofya mara moja. Ilibofya. Picha ya bosi akizindua choo cha soko ikaandikiwa "mtu ameshika mkasi karibu na kamba". Kijana akatuachia bei yake, ya kila ukurasa, akapanda ndege.

Lakini ngoja niwaambie ya Japuonj.

Japuonj ni mwalimu mstaafu kutoka Ahero, macho yalimwacha kabla ya pensheni kufika. Ndiye aliyenifundisha kuweka NVDA kwenye kompyuta ya ofisi, programu ya kusoma skrini isiyouzwa, ambayo Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuiunda 2006. Basi Japuonj akaja kuangalia orodha ya basari kwa ajili ya mjukuu wake. Nikampisha kwenye kiti changu, nikamwambia kwa madaha, "Jaduong', hii nimeitengeneza mwenyewe, inaongea."

Ikaongea. Ila lugha ya faili ilikuwa imeachwa Kiingereza, kwa hiyo sauti ya Kizungu ikaanza kutafuna Kiswahili chetu. "Waa-naa-fanzi" ndio wanafunzi. Japuonj akainua mkono. "Nyathina, mwanangu, huyu ni nani, misionari?"

Nikabadilisha lugha. Tukaanza upya. Jedwali lilikuwa na safu mbili, majina kushoto na pesa kulia, lakini aliyelitengeneza hakutengeneza jedwali. Alipiga tabo na nafasi mpaka vitu vikalingana kwa macho. NVDA ikasoma majina yote kwanza, Achieng, Adhiambo, Akinyi, mpaka mwisho wa ukurasa, ndipo ikaanza pesa: elfu tano, elfu nane, elfu tano, elfu tatu. Nani kapewa nini, Mungu anajua.

Mimi ningekata tamaa. Japuonj alifundisha hesabu miaka mingi, hatishwi na orodha. Akasema, "Mjukuu wangu ni jina la kumi na saba. Basi tutahesabu pesa mpaka ya kumi na saba." Akakunja vidole. Moja, mbili, tatu... tulipofika tisa mwuza mandazi akachungulia mlangoni, "Moto moto!" Tukapotea. Tukarudi. Tulipofika kumi na mbili, ukurasa ukaisha, na kwa vile yule fundi wa tabo hakusema kwamba maneno ya chini ya ukurasa ni mapambo, NVDA ikayasoma yote kwa heshima: "Huduma bora ni haki yako. Ukurasa wa kwanza kati ya kumi na tisa. Imechapishwa kwa idhini." Kisha juu ya ukurasa wa pili ikaanza na anwani, sanduku la posta na nembo, ambayo ilisema tu "image3".

Kufikia hapo foleni nzima imeingia ndani. Mama mmoja aliyefuata cheti cha mwanawe anahesabu kwa sauti. Bodaboda aliyeleta bahasha amevua helmeti na kushika kalamu. Askari wa getini anapinga: yeye ana kumi na tano, mama ana kumi na sita. Ikapigwa kura. Mama akashinda. Tukasikiliza ya kumi na saba, wote kimya, sauti ikatamka: "Jumla ndogo, elfu sitini na moja."

Watu wakashangilia! Wengine wakampa Japuonj mkono. Mwenyewe akakaa kidogo, akasema, "Kuna mtoto hapo katikati aliyeachwa nafasi tupu. Anza tena." Na kweli, nilipotazama, Atieno mmoja hakuandikiwa kitu, pesa zote za chini yake zilikuwa zimepanda hatua moja. Mzee haoni, na ndiye pekee aliyeliona. Nikamsomea mstari wa mjukuu kwa mdomo wangu mwenyewe, jambo ambalo ningefanya tangu mwanzo kama si madaha.

Sasa nimuulize nani? Kwenye Word kuna kitufe cha kichwa. Kipo pale juu, hakikuli, hakilipishwi ushuru. Ukikitumia, na jedwali ukalitengeneza kama jedwali, halafu ukaihifadhi faili kama PDF bila kuipeleka kwa skana, nusu ya kazi yangu inakufa. Lakini wenzangu wanakoleza wino, wanapiga mstari, wanachapisha, wanaskani, wananitumia. Nikiponya moja ya jana, wameshazaa tatu za leo. Nilimwambia bosi: tuanze na zinazotafutwa, basari, ratiba za kliniki, bajeti, za kale tuziweke kando kwenye hifadhi, anayeitaka moja aombe, tumtengenezee. Akanitazama. "Zote." Halafu akataka kujua picha yake nimeiandikia nini. "Mwanamume mwenye suti ya kijivu." Akaniagiza niongeze "mwenye maono". Niongeze wapi? Kwenye suti?

Mchana nikashuka ziwani nikale, nipoe. Hoteli imeondoa menyu, wamebandika mraba wa kuskani na simu. Inafungua nini? PDF. Picha ya menyu ya karatasi, ina doa la mchuzi, ikanimalizia bando kabla haijafika kwa samaki. Mhudumu amesimama palepale, mdomo anao! Nikaagiza ngege. Ameisha. Mbuta? Ameisha. Kuna omena.

Na omena yenyewe msinianzishe. Yule mama wa soko la Kibuye ana gorogoro, kopo la kupimia, iliyobonyea chini, tako lote limeingia ndani mpaka inabeba nusu. Nikimuuliza, ati ilianguka. Ilianguka saa ngapi, Min Akoth, mbona za wote wa mstari huu zimeangukia mahali pamoja?