Gari jipya si ujinga kwa anayekusudia kulizeesha

Mwambie mtu kwamba unafikiria kununua gari jipya, la kilomita sifuri, na kabla hujamaliza utaambiwa: hilo likitoka tu getini thamani imeshashuka, chukua lililotumika. Ushauri huu umerudiwa mpaka umekuwa sheria. Anayenunua jipya anaonekana mtu wa kujionyesha au asiyejua hesabu, na anayenunua lililotumika anahesabiwa mwerevu hata kabla hajafungua boneti. Sikatai kwamba hesabu inayotajwa ni ya kweli. Ninachodai ni kwamba imeishia njiani.

Kwa kawaida gari jipya hupoteza karibu moja ya tano ya bei yake ndani ya mwaka wa kwanza, na likitimiza miaka mitano huwa limepoteza takribani nusu. Hayalingani yote. Yenye sifa ya kudumu hushuka polepole, ya kifahari huporomoka. Lakini hiyo moja ya tano inalipwa na nani? Inalipwa na anayeuza. Mwenye gari ambaye hana mpango wa kuliuza hajatoa senti mfukoni kwa sababu ya kushuka huko. Hasara yake itajulikana siku atakapoliachia, na kadiri siku hiyo inavyosogea mbele ndivyo inavyogawanyika katika miaka mingi zaidi. Hatari inayobaki ni gari kuibwa au kuharibika kabisa mapema, kwa kuwa bima ya kawaida hulipa thamani ya siku hiyo, si bei uliyonunulia. Hilo ni jambo la kulitazama kwenye mkataba wa bima, si sababu ya kuliacha gari.

Tuchukue mfano, kwa namba za kubuni zinazofuata mwenendo huo. Gari jipya linauzwa 100. Baada ya miaka mitatu lina thamani ya 62, baada ya saba 35, na likifika miaka kumi na mitano bado mtu atatoa 10. Anayelinunua jipya na kuliuza baada ya miaka mitatu amepoteza 38, yaani karibu 13 kwa kila mwaka. Huyo ndiye ushauri ule unamhusu, na unamhusu kweli. Anayelinunua jipya akakaa nalo miaka yote kumi na mitano amepoteza 90, yaani 6 kwa mwaka, chini ya nusu ya mwenzake. Sasa mtazame yule anayesifiwa: amenunua gari la miaka mitatu kwa 62, akaliuza likiwa na miaka saba kwa 35, akatafuta jingine. Amepoteza 27 kwa miaka minne, karibu 7 kwa mwaka. Amenunua lililotumika, amefuata ushauri, na bado kila mwaka kushuka kwa thamani kunamgharimu kuliko aliyenunua jipya akatulia. Na hapo hatujaweka ada za kubadilisha umiliki wala fedha za kulirekebisha gari la mtu mwingine kila anapoanza upya.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Aliyenunua gari la miaka mitatu kwa 62 na akakaa nalo mpaka litimize miaka kumi na mitano amepoteza 52 kwa miaka kumi na miwili, kidogo zaidi ya 4 kwa mwaka. Huyo anawashinda wote kwa kipimo hiki. Ila angalia anawashinda kwa kiasi gani: chini ya 2 kwa mwaka, jumla yake 20 kwa muda wote huo. Ndiyo akiba nzima inayofanya gari jipya liitwe ujinga. Giaboksi ikifa mara moja, au injini ikahitaji kufunguliwa yote, sehemu kubwa ya akiba hiyo imeondoka.

Na giaboksi hufa kwa sababu zilizoanza zamani, kwenye mikono ya mtu usiyemjua. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza soko la magari yaliyotumika kwa namna ambayo bado haijapitwa. Muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa hawezi kutenganisha zuri na bovu, mnunuzi anajilinda kwa kutoa bei ya chini kwa yote. Mwenye gari zuri akiiona bei hiyo anaona afadhali abaki nalo, na sokoni yanazidi kubaki yale ambayo wenyewe wanataka kuyaondoa. Mwaka 2001 Akerlof, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zao kuhusu masoko ambayo upande mmoja unajua kuliko mwingine. Kwa mnunuzi wa kawaida maana yake ni kwamba punguzo la gari lililotumika halitokani na uchakavu peke yake. Sehemu yake ni malipo unayopewa kwa kukubali kubeba shaka.

Shaka hiyo ina sababu zake. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba nchini humo kila mwaka huuzwa zaidi ya magari 450,000 ambayo kilomita zake zimerudishwa nyuma. Hiyo ni nchi yenye sheria kali juu ya jambo hilo na kumbukumbu za magari zinazoweza kufuatiliwa. Na dashibodi ya dijitali haikumaliza mchezo. Iliubadilisha tu vifaa. Fundi mzuri ataona mengi: bodi iliyonyooshwa na kupigwa rangi upya, moshi wa bluu, oili inayovuja kwenye injini iliyooshwa jana ili ing'ae, pedali ya breki iliyolika kuliko kilomita zinavyosema. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka zilipotengenezwa. Kwa hiyo gari lisilopitishwa kwa fundi lisinunuliwe, hata likiwa la ndugu.

Lakini kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaona kwa saa moja. Oili ambayo ilitakiwa kumwagwa na haikumwagwa kwa mwaka mzima haionekani ukishatia mpya. Kilichobaki ni injini iliyosagika ndani kabla ya wakati wake. Gari lililowahi kuchemsha, likapozwa, likaendelea na safari. Gari lililozama kwenye mafuriko, likakaushwa na kubadilishwa vitambaa vya viti, huku kutu ikiendelea kutambaa kwenye viunganishi vya nyaya na kuja kudhihirika miezi mingi baadaye, leo taa, kesho kompyuta ya injini. Mwenye gari tangu kilomita sifuri hana maswali haya. Anajua kila sevisi kwa sababu ameilipa mwenyewe. Ndiyo sababu nasema kuzeesha gari na kulinunua jipya ni mambo yanayofaana: gari unaloweza kuliamini likiwa na miaka kumi na miwili ni lile ambalo historia yake yote unaijua.

Na kufika umri huo si ndoto. Kwa mwaka 2024 wastani wa umri wa magari yaliyokuwa barabarani Marekani ulikuwa miaka 12.6. Ukiwa huo ndio wastani, mengi yamekwisha kuvuka kumi na mitano.

Upande wa lililotumika una hoja nyingine ambazo hazisemwi vya kutosha na zina nguvu kuliko hoja ya getini. Toleo likishakaa barabarani miaka kadhaa, kasoro zake zinajulikana: mafundi wameshazizoea, mtengenezaji ameshayaita magari yenye hitilafu kuyarekebisha, na spea zimeenea. Anayenunua toleo lililotoka mwaka huu anazigundua kasoro hizo yeye. Bima ya gari la bei ndogo kwa kawaida huwa nafuu. Na hata bei za soko zenyewe hugeuka. Wakati wa uhaba wa chipu za kompyuta, katika mwaka mmoja ulioishia Juni 2021 bei za magari yaliyotumika Marekani zilipanda kwa asilimia 45, na baadhi ya matoleo ya mwaka mmoja au miwili yakakaribia bei ya jipya. Anayeshika sheria bila kuangalia bei za siku hiyo anaweza kulipa karibu fedha ya gari jipya na kupewa shaka ya lililotumika.

Usalama haunipi shida kuuamua. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza likipoteza mwelekeo ulilazimishwa kwa magari mapya yote madogo Marekani kuanzia toleo la 2012, na Ulaya mwaka 2014. Kati ya gari jipya na la miaka mitatu tofauti ya usalama ni ndogo. Kati ya jipya na la miaka ishirini ni kubwa.

Kwenye magari ya umeme nabadilisha msimamo. Mengi hushuka bei haraka, dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane, na uwezo uliobaki wa betri unaweza kupimwa kwa mashine. Shaka kubwa ya gari lililotumika hapa ina kipimo, huku punguzo likiwa kubwa. La miaka mitatu, betri ikiwa imepimwa, ningelichukua kabla ya jipya.

Lenye injini ya kawaida, kwa mtu anayetaka kukaa nalo, naliona jipya ni uamuzi wa busara, mradi mambo mawili yawepo. La kwanza ni fedha. Mfano wangu wa 100 haukuwa na riba. Gari jipya la mkopo wa miaka saba linaweza kuila tofauti yote niliyoitetea na kupita, na kwa miaka ya mwanzo deni linaweza kuwa kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe. Anayehitaji mkopo wa namna hiyo achukue la miaka mitatu lenye karatasi za sevisi, alipe haraka. Na anayenunua jipya achague toleo la kawaida linalouzwa kwa wingi, maana miaka kumi na mitano ni muda mrefu wa kutafuta spea za gari adimu.

La pili ni kinachotokea dhamana ikiisha. Wengi huitunza sevisi kwa uaminifu miaka ile mitatu au mitano kwa sababu bila hiyo dhamana inafutika, kisha kitabu cha sevisi kinabaki kitupu. Oili ya giaboksi inasahaulika, maji ya kupozea injini hayabadilishwi, na mkanda wa taiming, kwa injini zenye mkanda, unaachwa mpaka ukatike. Kwenye injini nyingi za siku hizi ukikatika valvu hugongana na pistoni. Asiye tayari kuendelea na gharama hizo kuanzia mwaka wa sita hana sababu ya kulipa bei ya gari jipya.