Tuandikieni Okteni Kwenye Pampu

Juzi, katika kituo kimoja cha mafuta kando ya Barabara ya Bagamoyo, nilimuuliza mhudumu petroli yake ina okteni ngapi, yaani namba inayoonyesha jinsi petroli inavyostahimili kujilipukia yenyewe ndani ya injini. Alinitazama kwa huruma, kisha akajibu: "Kaka, petroli ni petroli. Niweke ya shilingi ngapi?" Simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa namba hiyo. Ninaowalaumu ni wale wanaoijua na hawaoni haja ya kutuambia.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hututangazia bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, bandari kwa bandari. Petroli ina mstari mmoja tu, kana kwamba injini zote za nchi hii zilizaliwa na mama mmoja. Lakini fungua kifuniko cha tangi la Subaru WRX STI, au la Mark X ya toleo la kwanza, utakuta kibandiko cha Kijapani kinachodai petroli ya premiamu. Kwa viwango vya Japani, petroli ya kawaida haipaswi kushuka chini ya okteni 89, na premiamu chini ya 96. Ukiipa injini hiyo mafuta hafifu, halafu ukapanda kilima cha Pugu saa nane mchana huku kiyoyozi kikiunguruma, mchanganyiko hujilipukia kabla moto wa plagi haujaufikia, nawe utasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Kompyuta ya gari ikiuhisi mlipuko huo huchelewesha cheche ili kuiokoa injini; nguvu inapungua, ulaji wa mafuta unapanda, na fundi anakuuzia koili ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Msinijibu kwamba hayo ni matatizo ya matajiri, kwa maana Mark X hizo zimejaa Sinza na Tabata, na nyingi zinalipiwa kwa mkopo. Nakiri, shingo upande, kwamba mwenye Vitz haihitaji premiamu, na kwamba uagizaji wa pamoja wa mafuta ya nchi nzima hauwezi kuleta aina ya pili ya petroli bila gharama za matangi na malori yake. Nakiri pia kwamba vinasaba, yaani alama za kikemikali zinazotiwa kwenye mafuta ili kuyatambua, vilivyoanza kutumika 2010 vilitusaidia sana dhidi ya uchakachuaji, kwa sababu mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huishusha okteni yake vibaya.

Tumeachwa, basi, na vichupa vya viongeza-okteni vinavyouzwa Gerezani, vinavyojisifu kupandisha okteni kwa "pointi 30", ambazo kwa hesabu ya watengenezaji wengi ni namba 3 tu. Petroli zenye viungio vya kusafisha injini husafisha, na usafi si okteni. Wanaonong'onezana kuhusu petroli ya ndege wakumbuke kwamba ina madini ya risasi, na risasi huua masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Sidai okteni 100 kila kona. Nchini Ujerumani namba 95 na 98 huandikwa waziwazi kituoni. Sisi tuandikiwe hiyo moja tuliyo nayo, kwenye pampu na kwenye tangazo la kila mwezi, ili mwenye gari la turbo ajue mapema kama amwambie fundi apunguze presha au aendelee kama kawaida.