Kabla hujaandika "yes"

Juzi mpwa wangu alitaka kuingia kwenye Raspberry Pi yangu, kompyuta ndogo iliyoko nyumbani, yeye akiwa bwenini chuoni. Nikamwelekeza kwa simu: fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kisha jina la mtumiaji, alama ya @, kisha anwani. Kabla sijamaliza kueleza akanikatiza: "Mjomba, nimeshaandika yes. Sasa inaomba nywila."

"Usiiandike!" nikamwambia. "Ile yes umeisomaje?"

Hakuwa ameisoma, na simlaumu. Ndivyo tunavyofundishana: ukiulizwa swali, andika yes, songa mbele. Mimi naona hapo tunakosea sana, maana katika safari nzima ya kuingia kwa mbali hakuna swali zito kuliko hilo. Kompyuta inakwambia haimjui aliye upande wa pili, inakuonyesha alama ya ufunguo wake, yaani mfuatano wa herufi unaomtambulisha, inakuuliza kama ndiye.

SSH ilianzia Finland mwaka 1995. Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliiandika baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo hicho. Enzi za telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, nywila zilipita wazi, yeyote aliyekaa njiani aliweza kuzisoma. SSH ikaifunga njia yote kwa kuficha yanayopita ndani yake. Lakini kama aliyepokea ni mwizi mwenyewe, kufungwa kwa njia hakukusaidii kitu: nywila yako itamfikia salama salimini.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshauzoea, na hatutumi mpaka tuhakikishe jina. Kwa nini tuwe wepesi kwenye seva yenye picha za familia au hesabu za duka?

Kuhakiki ni kazi ya dakika moja. Ukiwa mbele ya kifaa chenyewe, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Kwenye mstari unaotokea, nakili alama inayoanza na SHA256. Tangu 2019, OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, inakuruhusu hata kuibandika alama hiyo mahali pa yes, ikalinganisha yenyewe.

Mpwa wangu alitoka, akafuta kumbukumbu ya ufunguo iliyowekwa alipoandika yes, kwa ssh-keygen -R na anwani, akaanza upya. Safari hii alinisomea herufi moja moja, kubwa na ndogo, nami nikifuatilia kwa kalamu kwenye karatasi niliyonakili alama hiyo na kuihifadhi droo moja na chaja. Baada ya SHA256 na nukta mbili ziko 43. Tulipofika ya mwisho nikamwambia, haya, andika.