Simu kwenye usukani wa bodaboda: tuogope holda au mkono wa kushoto?

Kwenye kijiwe ninachokitegemea pale Buzuruga, hapa Mwanza, kuna hoja imeletwa na mwenyekiti: kuanzia mwezi ujao, pikipiki yenye holda ya simu kwenye usukani isipange foleni. Imetokana na ajali ya kijana mmoja wa kijiwe hicho, aliyeingia nyuma ya bajaji macho yakiwa kwenye simu. Yeye amevunjika mguu. Abiria wake, mama wa makamo, amechubuka mkono mzima. Mwenyekiti ni mtu ninayemheshimu, amekula barabara hizi kabla wengi wa vijana wake hawajamaliza shule, na aliposema "Macho ni mawili tu, hayawezi kutazama kioo na barabara," karibu kijiwe kizima kiliitikia.

Mimi si dereva. Nauza viatu, wateja wangu wengi nawapata kwenye simu, na mizigo yangu karibu yote inakwenda kwa bodaboda: leo Kiseke, kesho Mkolani, keshokutwa Kishiri. Kwa hiyo simu inayoita mfukoni mwa dereva akiwa kwenye mwendo, mara nyingi ni yangu. Hilo ndilo linalonifanya nisikae kimya.

Mwenyekiti hajasema uongo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Dereva akitazama kioo kwa sekunde mbili amepita mita 22 bila kuiona barabara, na katika mita 22 za Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni anaweza kuingia mtoto, mkokoteni wa ndizi, na daladala iliyoamua kusimama ghafla kumchukua abiria. Watafiti wa Virginia Tech kule Marekani, waliowafuatilia madereva kwa kamera ndani ya magari yao, waligundua mwaka 2006 kwamba macho yakitoka barabarani zaidi ya sekunde mbili, hatari ya kupata ajali au kuiponea chupuchupu inafika angalau mara mbili. Na hao walikuwa kwenye magari, wamezungukwa na bati. Dereva wa boda kinga yake ni helmeti.

Kuna pia takwimu ya Shirika la Afya Duniani ambayo kila anayepinga holda ameishika: dereva anayetumia simu yuko kwenye uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne ya asiyetumia. Mara nne. Ukiisikia hivyo hivyo, mjadala umekwisha, ng'oa holda zote.

Lakini tuulizane, ukiing'oa holda, simu inakwenda wapi?

Haibaki nyumbani. Dereva wa leo anapokea kazi kwa simu, analipwa kwa simu, anaelekezwa kwa simu. Ikitoka kwenye usukani inahamia mkono wa kushoto, au inasokomezwa kati ya shavu na helmeti, au inalazwa juu ya tangi na kubanwa na goti. Hizo ndizo simu ninazoziona kila siku, na sijasikia kijiwe kikikaa kikao kwa ajili yake.

Mkono wa kushoto hasa. Pikipiki zetu nyingi, Boxer na TVS, ni za klachi. Mkono wa kulia una akseleta na breki ya mbele. Wa kushoto una klachi, na hapo hapo kwenye kidole gumba kuna indiketa na honi. Anayeshika simu kwa mkono huo ameziacha zote tatu kwa mpigo. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala kuelekea Mabatini, dirishani. Pembeni yetu boda na abiria wake, simu mkono wa kushoto, kidole gumba kinaikuza ramani. Mbele kukawa na rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Akabana breki kwa kulia, gia bado ni ya juu, klachi haina mtu. Pikipiki ikaanza kuruka ruka kama mbuzi anayevutwa kamba. Kijana akaiachia simu idondoke kati ya mapaja yake, akakamata klachi, dada aliyebebwa akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili. Walipita salama. Dakika moja baadaye nikamwona ameitoa simu pale mapajani, ameirudisha mkono ule ule.

Kijana yule angekuwa na holda, kosa lake lingebaki moja, la macho. Pale alikuwa na makosa mawili kwa pamoja, macho na mkono. Anayelinganisha dereva mwenye holda na dereva asiye na simu kabisa analinganisha na mtu ambaye Mwanza hii hayupo tena.

Nirudi kwenye ile mara nne, kwa sababu nimekaa nayo siku nyingi. Takwimu ile haisemi ramani. Inasema kutumia simu, na kuongea kumo. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba kuongea bila kuishika simu mkononi hakuna usalama mkubwa zaidi ya kuishika, maana kinachochukuliwa ni akili. Sasa chukua safari moja ya mzigo wangu kwenda Kiseke bila ramani. Simu ya kwanza: "Dada, nimefika kwenye transfoma, nikate wapi?" Namwambia apite kanisa. Simu ya pili: "Makanisa yako mawili, lipi?" Simu ya tatu nampigia mimi, kwa sababu mteja ananilalamikia. Simu ya nne ni mteja mwenyewe, ameomba namba ya dereva. Katika kila simu kijana anachora picha kichwani: kanisa, mwembe, geti jeusi, duka la dawa. Anachora huku pikipiki inatembea. Kama takwimu ya mara nne inamhusu mtu yeyote, inamhusu huyu, na aliyemweka hapo ni mimi na mteja wangu. Tukiondoa ramani kwenye usukani, tumeongeza simu hizi.

Wazee wa kijiwe watajibu kwamba dereva wa kweli ana ramani kichwani. Na wanayo, nimeiona. Mwenyekiti ukimtajia Mahina anakuuliza, "Mahina ya juu au ya kule kwenye mawe?" na anakufikisha kwa njia ambayo hukuijua. Ni ujuzi wa miaka, na ningesikitika sana upotee. Ila mji umewapita. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu 2,772,509. Ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Karibu watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na hapa mjini wengi wamejenga pembezoni: Buswelu, Nyamhongolo, Buhongwa, Kishiri, mitaa ambayo mwembe wa kuelekezea haujaota. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kuna vijana wanavuka zile kilomita 3 na mizigo hadi Sengerema, ambako ramani ya kichwani ya Buzuruga inaishia darajani. Kumwambia kijana wa miaka ishirini na mbili aujue mji huu wote kwa kichwa ni kumwambia asifanye kazi hii.

Serikali nayo imeweka vibao. Kazi kubwa ya anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022, nyumba zikapewa namba, mitaa ikapewa majina, na mfumo wake wa NaPA unapatikana kwenye simu. Sijawahi kupata mteja aliyenitajia namba ya nyumba yake. Wananitumia lokesheni, au wananitajia transfoma.

Pale ambapo mwenyekiti ananishinda ni kwenye milima. Ramani ya simu haiogopi mawe. Inaweza kukuchorea mstari safi kupanda Mabatini au Igogo, ukafuata, njia ikageuka ngazi, ngazi ikageuka jiwe kubwa kama nyumba, na mteja yuko upande wa pili anakupungia mkono. Dereva mgeni anayeamini kioo atabaki kwenye mteremko, injini inaunguruma, anajaribu kugeuza na mzigo mgongoni. Kwa mitaa hiyo ramani inafaa mpaka barabara kubwa inapoishia. Baada ya hapo asimame, azime injini, apige simu. Mita 200 za mwisho ni za mdomo, na hakuna ubaya, maana amesimama.

Kuna malalamiko mengine ambayo ni ya mali zaidi kuliko uhai. Jua letu linachemsha simu, hasa ikiwa inachajiwa papo hapo kioo kikiwa kimewaka mwisho. Apple wenyewe wanataka iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Mvua ya ghafla kutoka ziwani haina adabu. Vibaka wapo, simu iliyo wazi kwenye foleni inavutia. Na mtetemo: Septemba 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki ukipita kwenye usukani unaweza kuharibu kamera, zile ambazo lenzi yake inaelea na kurekebishwa na sumaku ili picha isicheze. Hata kwa pikipiki ndogo walishauri kuweka kitu cha kupunguza mtetemo. Boxer si injini kubwa, ila ina pistoni moja na inatikisika vya kutosha. Vijana wameshalimaliza hilo kwa kipande cha tyubu kuukuu kinachozungushwa kwenye bomba la usukani kabla ya kukaza holda. Si kinga kamili, ila kioo kinaacha kucheza na ramani inasomeka kwa jicho moja la haraka. Kuhusu simu yake kuharibika, ni yake, aamue.

Kitu ambacho hakikusemwa kwenye kikao nilikipata kwa kumtembelea majeruhi. Nilimuuliza holda yake ilikaa wapi. Ilikuwa chini, karibu na tangi, kwa hiyo kila akiitazama kichwa kinainama na barabara yote inapotea. Halafu akaniambia ramani alikuwa ameshaimaliza kuiangalia. Kilichomvuta ni ujumbe wa mteja uliokuja juu ya ramani, "upo wapi mbona kimya," akanyoosha kidole ajibu. Bajaji ikasimama. Mteja huyo hakuwa wangu. Lakini maneno hayo hayo nimeyaandika mara ngapi, sijui.

Kwa hiyo ninaona kijiwe kinataka kuihukumu holda kwa kosa la ujumbe. Uingereza walipopiga marufuku simu barabarani, Desemba 2003, walikataza kuishika mkononi, na hadi leo simu iliyofungwa vizuri kwa ajili ya ramani inaruhusiwa mradi isizibe macho ya dereva. India, nchi yenye pikipiki nyingi kuliko sisi, iliandika kwenye kanuni zake mwaka 2020 kwamba kifaa kitumike kwa kuonyesha njia tu. Wote wameacha nafasi ya simu kuonyesha njia. Hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, dunia haijajua simu ya mfukoni. Kijiwe nacho kinaweza kujiwekea utaratibu wa akili.

Ningependa kikao kiamue hivi: holda ikae juu, usawa wa shina la kioo cha pembeni au katikati ya usukani, si kwenye tangi. Njia iwekwe pikipiki ikiwa imesimama. Arifa za ujumbe na za simu zinazoingia zizimwe zisitokee juu ya ramani, sauti ya maelekezo iachwe. Anayetaka kusoma zaidi ya mshale aegeshe. Jicho la nusu sekunde kwa kilomita 40 ni mita 5 na kidogo. Hizo bado ni mita 5 bila macho, sizifichi, lakini si 22.

Linalobaki ni pesa, na hapo ndipo vijana wengi wanakwama. Pikipiki nyingi za kijiwe ni za mkataba. Mwenye pikipiki anadai hesabu yake jioni na hataki mtu aguse waya wala aongeze kitu kwenye usukani. Holda niliyoiulizia Makoroboi, ya chuma na siyo ile ya plastiki inayokatika kwenye rasta ya pili, ni shilingi 12,000. Kwa kijana aliyebaki na elfu tano baada ya hesabu na mafuta, hiyo ni siku mbili na zaidi, kwa hiyo ananunua ya plastiki, au anaacha, anarudi kwenye mkono wa kushoto.

Kikao ni Jumapili jioni na nimeomba kusema. Nimeshabadilisha upande wangu: mteja ananitumia lokesheni kabla mzigo haujafungwa, namba ya dereva simpi, na kijana akiondoka simpigii mpaka anipigie yeye akiwa amesimama. Nimenunua holda tatu za chuma kwa vijana watatu wanaobeba mizigo yangu zaidi, na nimeshaongea na wenye pikipiki wawili, wamekubali. Wa tatu bado anafikiri. Tyubu kuukuu nimeahidiwa na fundi wa pancha wa pale pale kijiweni, bure.